Nimevuliwa ualimu mkuu na kuhamishwa kwa barua moja. Nifungue kesi?

Swali nililoletewa, baada ya kuondoa majina na mahali:

“Habari za kazi, kaka wakili. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, mwaka wa 17 huu kazini, na miaka sita ya mwisho nilikuwa mwalimu mkuu. Mwishoni mwa Februari, kwenye mkutano wa hadhara, Mkuu wa Wilaya alitangaza mbele ya wazazi kuwa kuanzia siku ile mimi si mwalimu mkuu tena, eti ufaulu wa darasa la saba umeshuka. Tarehe 11 Machi ikaja barua ya Mkurugenzi: nimehamishiwa shule ya kata ya mbali, ndani ya halmashauri hiyo hiyo, kama mwalimu wa kawaida, niripoti ndani ya siku saba. Sikuulizwa lolote. Hela ya uhamisho sijapewa. Miezi michache kabla ya hapo nilikataa kusaini malipo ya madawati: tuliandikiwa 60, kamati ya mapokezi ikahesabu 41. Naamini ndicho chanzo. Kijana niliyempokea mwenyewe kazini ndiye anakaimu nafasi yangu. Wenzangu wananiambia nisiende huko, nifungue kesi. Je, mahakama inaweza kunirudishia shule yangu?”

Mwalimu, pole sana. Nakupa pole ya mkutano kwanza, ndipo nikupe pole ya barua, maana kuaibishwa mbele ya wazazi ambao umewafundishia watoto wao kunauma kuliko umbali wa kata yoyote. Swali lako la mahakama nitalijibu, ila kuna jambo haliwezi kunisubiri nimalize.

Nenda ukaripoti. Hao wanaokwambia usiende wanakupenda, lakini ushauri wao utakuponza. Mtumishi wa umma asiyeonekana kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa ameshaingia kwenye kosa la utoro, na adhabu ya utoro hufika hadi kufukuzwa kazi. Leo wewe ni mwalimu aliyeonewa. Ukikaa nyumbani wiki mbili utakuwa mwalimu mtoro, na habari ya madawati hakuna atakayeisoma tena. Nimewahi kuletewa jalada la mwalimu mmoja ambaye hoja yake ilikuwa nzito kuliko yako. Alikaa kwao miezi miwili akisubiri haki yake imfuate. Mshahara ukasimama, hati ya mashtaka ikaja, na kurasa zote za jalada lile zikawa zinazungumzia siku alizokosekana. Ile barua aliyokuwa anaipinga ilikuwa imezama chini kabisa.

Kuripoti hakuna maana kwamba umekubali. Ukifika, saini kitabu cha mahudhurio, kisha siku hiyo hiyo mwandikie Mkurugenzi kupitia kwa mwalimu mkuu wa huko: “Nimeripoti leo kwa kutii maelekezo, na nahifadhi haki yangu ya kupinga uamuzi huu.” Sentensi hiyo inatosha, usiongeze hasira. Na kama kweli huna nauli wala pango la kuanzia, andika kabla siku saba hazijaisha, eleza hivyo, omba malipo na omba tarehe mpya ya kuripoti. Barua ipelekwe kwa mkono, na anayeipokea asaini kwenye kitabu cha dispachi au agonge muhuri wa tarehe kwenye nakala yako. Halmashauri zimekumbushwa mara nyingi na serikali yenyewe kwamba mtumishi asihamishwe kabla fedha za kumhamisha hazijatengwa, kwa hiyo ombi hilo si utovu wa nidhamu.

Sasa tuje kwenye picha ya barua uliyonitumia. Nimeisoma mara tatu. Kichwa chake kinasema “Yah: Uhamisho wa ndani”. Aya ya pili inasema umehamishwa “kwa manufaa ya umma”. Mpaka hapo ni barua kama zilivyo barua nyingine zote. Lakini aya ya kwanza inaanza hivi: “Kutokana na kushuka kwa ufaulu na usimamizi usioridhisha katika shule yako…” Aliyeiandika, bila kujua, amekupa silaha. Angeandika kwamba ni msawazo wa walimu, au kwamba shule ile ya mbali ina upungufu wa ikama, leo ningekwambia kesi yako ni ngumu sana. Yeye ameandika kosa, na baada ya kosa akaandika adhabu, na katikati hakuna mahali ulipoulizwa.

Hiyo barua moja imebeba mambo matatu, na sheria inayatazama kwa macho matatu tofauti. Walimu wengi hushindwa kwa kuyapinga yote kwa mkupuo kana kwamba ni kitu kimoja.

La kwanza ni uhamisho wenyewe. Hapa nitakuwa mkweli kwako: hakuna mwalimu mwenye hatimiliki ya kituo cha kazi. Ndani ya halmashauri Mkurugenzi anaweza kukuhamisha, kutoka halmashauri moja kwenda nyingine ndani ya mkoa ni kazi ya Katibu Tawala wa Mkoa, na kuvuka mkoa ni TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa. Mahakama haipangi walimu na haitaki kuanza kupanga. Nami naona ni sawa. Bila mamlaka hayo, shule za pembezoni zingebaki na walimu wawili kwa madarasa saba, kwa sababu kila mmoja wetu ana sababu nzuri ya kutaka kubaki mjini. Uhamisho unapingika pale tu ulipofanywa na asiye na mamlaka, au kwa nia mbaya, au ulipotumika kuficha kitu kingine.

La pili ni ualimu mkuu. Hili linauma, lakini lijue: ualimu mkuu ni madaraka, si cheo cha muundo. Cheo chako ni kile kilichoandikwa kwenye barua yako ya mwisho ya kupandishwa, chenye ngazi yake ya mshahara wa walimu, ile TGTS. Madaraka umepewa kwa uteuzi, na mwenye kuteua anaweza kutengua. Ile posho ya madaraka, ambayo ilipoanza kulipwa 2016 ilikuwa shilingi 200,000 kwa mwezi kwa mwalimu mkuu wa msingi na 250,000 kwa mkuu wa shule ya sekondari, inakwenda na kiti. Ukitoka kwenye kiti inabaki pale. Lakini mshahara wa msingi na daraja ni vyako. Angalia hati ya mshahara ya mwezi huu na ya ujao. Ukiona daraja limerudi nyuma, nipigie siku hiyo hiyo, kwa sababu hapo tutakuwa tumeingia kwenye kushushwa cheo, na hiyo ni adhabu ya kinidhamu ambayo haiwezi kutolewa kwa barua ya uhamisho.

La tatu ndilo lenye uhai: adhabu. Nidhamu ya mwalimu wa shule ya serikali inaongozwa na Sheria ya Tume ya Utumishi wa Walimu, Na. 25 ya 2015, iliyoanza kazi Julai 2016 na kuchukua nafasi ya ile Idara ya Utumishi wa Walimu tuliyoizoea. Mwalimu akituhumiwa kosa zito anapewa hati ya mashtaka, anapewa muda wa kujitetea kwa maandishi, uchunguzi unafanyika, kisha mamlaka ya nidhamu inaamua, na ana nafasi ya kukata rufaa. Nyuma ya utaratibu huo imesimama Katiba, ibara ya 13(6)(a), inayompa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu na haki ya rufaa pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine chochote. Usimamizi usioridhisha ni tuhuma. Kama wanayo, walete mashtaka, nawe ulete majibu: watahiniwa walikuwa wangapi, walimu wangapi, darasa la saba lilikaa miezi mingapi bila mwalimu wa Hisabati. Hayo yote una haki ya kuyasema, na hukupewa nafasi.

Umenigusia Mkuu wa Wilaya kwa sentensi moja tu, ila mimi nataka nikae hapo kidogo. Mkuu wa Wilaya ana mamlaka makubwa ya usalama na usimamizi wa shughuli za serikali wilayani, lakini si yeye aliyekuteua, na si mamlaka yako ya nidhamu. Wenye umri wetu tunakumbuka Bukoba, Februari 2009, Mkuu wa Wilaya alipoamuru walimu 19 wacharazwe viboko kwa sababu ya matokeo mabaya ya mitihani. Rais Kikwete alimwondoa kazini. Tamko la kwenye mkutano halina uzito wa viboko vile, lakini ugonjwa ni ule ule, wa kudhani kwamba matokeo ya mtihani yanampa kiongozi wa siasa rungu juu ya mwalimu.

Kisheria, tamko lile halikukuondoa. Barua ya Mkurugenzi ndiyo iliyokuondoa. Swali linakuwa: Mkurugenzi aliamua mwenyewe, au alitekeleza yaliyokwisha kusemwa jukwaani? Aliyepewa mamlaka na sheria anatakiwa ayatumie kwa akili yake. Akipiga muhuri tu uamuzi wa mtu mwingine, uamuzi huo una kasoro inayoweza kuuangusha. Kwa hiyo andika leo, kabla kumbukumbu haijafifia: mkutano ulifanyika tarehe ngapi, wapi, saa ngapi, maneno yalikuwaje hasa, nani walikuwepo. Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo? Muhtasari uliandikwa? Kama kuna mzazi aliyerekodi, mwombe akutumie ile rekodi kama ilivyo na uihifadhi. Nakusihi usiitupie kwenye grupu la walimu. Siku utakapoihitaji kama ushahidi, hutaki ianze kuelezwa kama uchochezi.

Sasa mahakama. Wenzako wakisema fungua kesi, wengi wanafikiria Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA. Kwa mtumishi wa umma mlango huo umefungwa mpaka kwanza upite milango ya ndani. Mwaka 2016 Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, iliongezewa kifungu cha 32A kinachomtaka mtumishi wa umma amalize kwanza njia zote za ndani ya utumishi kabla ya kukimbilia sheria za kazi. Kuna waliodhani hayo ni maneno ya kupambia. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani, katika shauri la mtumishi wa Shirika la Posta aliyeachishwa kazi, ilisema wazi kwamba CMA haikuwa na mamlaka ya kusikiliza mgogoro wake. Miaka ya kuhangaika ikaishia hapo, na ubora wa madai yake haukuguswa. Nisingependa nawe uzungushwe hivyo.

Njia yako inaanza kwa barua ya malalamiko kwa Mkurugenzi, nakala kwa Katibu Tawala wa Mkoa na kwa ofisi ya Tume ya Utumishi wa Walimu ya wilaya yako. Barua isizidi kurasa mbili. Iseme hivi tu: nimeadhibiwa kwa tuhuma ambayo sikuulizwa, naomba sababu za maandishi, naomba uamuzi uondolewe, na kama kuna tuhuma naomba nishtakiwe kwa utaratibu nijitetee. Ukipata jibu linalosema hii ni nidhamu, rufaa yako inapanda Tume makao makuu, na juu ya Tume yuko Rais. Katika rufaa za kinidhamu za utumishi wa umma kipimo kinachotumika ni siku 45 tangu upokee uamuzi, kwa hiyo hesabu hizo siku kuanzia tarehe uliyosaini kupokea barua, usikae kusubiri wakuite.

Wakati huo huo kuna saa nyingine inayotembea kimyakimya. Amri ya kufuta uamuzi wa mamlaka ya umma hutolewa na Mahakama Kuu kwa mapitio ya kimahakama, chini ya sheria iitwayo Sura ya 310 na kanuni zake za 2014. Kwanza unaomba kibali, na ombi la kibali lazima liingie ndani ya miezi sita tangu uamuzi ufanyike. Barua yako ni ya tarehe 11 Machi. Mwanzoni mwa Septemba ombi liwe limeshaingia, si siku ya mwisho. Barua ya malalamiko ambayo si rufaa rasmi haisimamishi hesabu hiyo, na nimeona walimu wakijibiwa “suala lako linafanyiwa kazi” mpaka miezi sita ikapita. Jaji akitoa kibali anaweza pia kuelekeza kwamba utekelezaji usimame hadi shauri liishe, lakini usijenge matumaini yako juu ya hilo, maana wakati huo utakuwa umeshaanza kufundisha kule.

Je, atakurudishia shule yako? Nadhani hapana, na sitaki ulipe wakili kwa kuamini vinginevyo. Ukishinda, Mahakama Kuu itafuta uamuzi kwa sababu hukusikilizwa. Itarudisha suala kwa Mkurugenzi alifanye upya kwa haki. Naye, akishauriwa vizuri, anaweza kukuhamisha tena kwa barua safi isiyo na tuhuma. Utakachokuwa umepata ni jalada lisilo na doa. Kwako wewe, mwenye miaka mingi mbele kabla ya kustaafu, hilo si dogo: doa la “usimamizi usioridhisha” litasomwa kila utakapotajwa kupandishwa au kuteuliwa tena, na atakayelisoma hatajua habari ya madawati 41.

Hayo madawati ndiyo yanayoweza kuthibitisha nia mbaya, lakini kwa karatasi tu. Ulipokataa kusaini, uliandika popote? Kama ulisema kwa mdomo ofisini ukaishia hapo, tuna kazi. Kama muhtasari wa kamati ya mapokezi unaonyesha 41, na kuna barua yako kwa Afisa Elimu yenye tarehe ya kabla ya mkutano, hadithi inabadilika kabisa, kwa sababu mtu yeyote atayaona matukio kwa mfuatano wake: umekataa malipo, umetajwa jukwaani, umeondolewa. Tangu 2015 tunayo pia sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Inamlinda aliyepeleka taarifa kwa mamlaka inayohusika. Kukataa kusaini na kunyamaza hakukuwekei ulinzi huo, hivyo kama hujaenda TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, na una uhakika na hesabu yako, hilo ni jambo la kuamua wiki hii, wala lisichanganywe kwenye barua ya malalamiko.

Upande wa hela hauna utata. Hukuomba uhamisho, kwa hiyo gharama si zako. Anayeomba kwa sababu zake binafsi hujigharamia, ndiyo maana uwe macho: asije mtu akakushawishi “uombe tu kwenye mfumo wa ESS ili mambo yaishe haraka”, yaani ule mfumo wa mtandaoni ambao mtumishi huombea uhamisho mwenyewe. Ukifanya hivyo umebadilisha uhamisho wao ukawa wako, na hoja yako yote imekufa. Ikiwa kituo kipya kinakulazimu kuhama makazi, Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma zinakupa posho ya usumbufu ya asilimia 10 ya mshahara wa mwaka, posho ya kujikimu ya siku 14 kwako na familia yako, nauli na gharama za mizigo. Tuseme mshahara wako ni 900,000: usumbufu peke yake ni 1,080,000. Dai kwa maandishi sasa, tunza stakabadhi za gari la mizigo, na ujaze fomu ya madai yasiyo ya mshahara hata kama mhasibu atakwambia bajeti hakuna. Deni ambalo halikuandikwa halihakikiwi.

Jambo la mwisho ni makabidhiano, na hapa naomba unisikilize kama dada yangu. Usiondoke shule ile kwa hasira ukaacha funguo kwa mlinzi. Walimu wakuu wengi walioondolewa ghafla hurudi kusumbuliwa mwaka mmoja baadaye kwa fedha au mali ambayo hawakuikabidhi kwa maandishi. Kaeni chini wewe na huyo kijana anayekaimu, mbele ya Afisa Elimu Kata na mwenyekiti wa kamati ya shule. Andikeni salio la benki kama lilivyo siku hiyo na mchapishe taarifa ya akaunti. Omba jina lako liondolewe kwenye watia saini. Hesabuni vitabu vya stakabadhi, vilivyotumika na visivyotumika. Taarifa za fedha zilizo kwenye FFARS, mfumo wa hesabu za fedha za shule, zichapishwe hadi tarehe ile. Hesabuni vitabu vya kiada, mihuri, na vile vishikwambi vya sensa walivyopewa walimu, kimoja kimoja, kwa namba yake. Na madawati, Mwalimu, mwingie darasani myahesabu kwa mikono: yaliyofika, yaliyopo, yaliyovunjika. Kila mmoja asaini kila ukurasa. Huyo kijana hana kosa, usimfanyie ukali. Huenda siku moja akawa shahidi wako mwenyewe kwamba madawati yalikuwa 41.

Kama ni mwanachama wa Chama cha Walimu, CWT, asilimia 2 ya mshahara wako imekuwa ikikatwa kila mwezi, basi nenda ofisi ya chama ya wilaya na picha ya barua, uombe wakili wa chama kabla hujaanza kuchanga ada ya wakili wa mjini. Ukiwa na rasimu ya malalamiko, nitumie niipitie kabla hujaipeleka. Na unitafutie ule muhtasari wa kamati ya mapokezi. Katika karatasi zote ulizonitajia, huo ndio ninaoutaka kwanza, na nautaka wenye saini.